Uzoefu, Mazoea na Mazoezi: Istilahi za Mafunzo ya Tabibu wa Nafsi

Miongoni mwa fani zinazowapa taabu wafasiri wetu, tiba ya nafsi ni mojawapo. Mfasiri wa hati za hospitali, mwalimu anayeandaa mafunzo ya ushauri shuleni, na mtumishi wa serikali anayeandika muundo wa kazi wa idara yake, wote hukutana na maneno yanayoelekea kuwa mepesi. Lakini yakishatiwa katika Kiswahili, maneno hayo hugeuka yakasema jambo ambalo halikukusudiwa. Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, tunataka kueleza kwa ufupi jinsi tabibu wa nafsi anavyofunzwa na jinsi anavyozidi kuwa hodari katika kazi yake, kwa sababu istilahi haiwezi kutungwa na mtu asiyeijua kazi yenyewe. Pili, tunataka kupendekeza maneno machache na kutoa hoja zetu, ili wasomaji wayapime.

Tuanze na jina la kazi. Neno linalotumika katika lugha za Ulaya limetoka katika Kiyunani, nalo lina sehemu mbili: ya kwanza ni nafsi, na ya pili ni utunzaji au tiba. Wako wanaolitohoa na kuandika "saikotherapia". Hatuna ugomvi nao, ila twaona kwamba Kiswahili kinayo maneno yake mawili yanayotosha, yaani tiba na nafsi. Tiba ya nafsi, basi, ni tiba inayofanywa kwa mazungumzo yenye utaratibu, baina ya mtu mwenye taabu ya moyo au ya fikira na mtu aliyefunzwa kumsaidia. Anayeifanya tunamwita tabibu wa nafsi. Asichanganywe na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye kwanza amesomea udaktari wa mwili na anaweza kuandika dawa. Wala asichanganywe na mwanasaikolojia, ambaye huenda akawa mtafiti au mwalimu asiyetibu mtu yeyote. Mtu mmoja aweza kuwa yote matatu, lakini kazi zenyewe ni tatu.

Liko pia neno mganga. Neno hili lina heshima yake, na hata leo serikali ya Tanzania hulitumia katika cheo cha Mganga Mkuu. Hata hivyo, likiunganishwa na nafsi, msikilizaji wa kawaida atafikiria ramli na pepo, si mazungumzo. Kwa hiyo tumeliacha.

Ushauri nasaha na kufunga kinywa

Istilahi iliyoenea kuliko zote katika eneo hili ni ushauri nasaha. Imeenea katika zahanati, katika shule, na katika kampeni za kupima virusi vya UKIMWI, na hakuna anayeweza kuifuta. Lakini tuitazame vizuri. Ushauri ni kumwambia mtu afanye nini. Nasaha nalo ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni maonyo mema, yaani kumwambia mtu afanye nini kwa nia njema. Tukiyaweka pamoja, tunapata mashauri juu ya mashauri.

Sasa, jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa tiba ya nafsi hufundishwa katika vyuo vingi ni kujizuia kutoa mashauri. Mtu aliyeonewa na mumewe, au aliyefiwa na mtoto, amekwisha kusikia mashauri ya jirani, ya shangazi na ya kiongozi wa dini. Alichokosa aghalabu ni mtu wa kumsikiliza hadi mwisho bila ya kumkatiza, akamwuliza swali linalomfanya ajisikie mwenyewe akisema. Mwanafunzi mpya huona jambo hili gumu kupita kiasi. Amelelewa kuamini kwamba mtu akija na shida, heshima ni kumpa neno la kwenda nalo. Kumwambia anyamaze ni kama kumwambia asimkaribishe mgeni.

Twasema, kwa hiyo, kwamba ushauri nasaha lifae kwa kazi ile ambayo ndani yake kweli mna kuarifu na kuelekeza, kama vile kumweleza mtu matokeo ya kipimo na hatua zinazofuata. Kwa kazi ndefu ya kutibu kwa mazungumzo tutumie tiba ya nafsi. Tofauti hii si ya mapambo. Mtu aliyeambiwa kwamba anakwenda kupewa ushauri, akakuta mtu anayemsikiliza tu, hutoka akisema amedanganywa, na pengine hatarudi.

Nguzo tatu za Berlin

Utaratibu wa kuwafunza matabibu wa nafsi haukuwapo tangu mwanzo. Sigmund Freud wa Vienna na mwenzake Josef Breuer walipochapisha kitabu chao juu ya histeria mwaka 1895, hapakuwa na chuo wala mtihani. Mtu alisoma vitabu, akamwendea Freud, akazungumza naye, kisha akaanza kazi. Mambo yalibadilika Februari 1920, wakati Max Eitingon na wenzake walipofungua kliniki mjini Berlin, na pamoja na kliniki hiyo wakaweka utaratibu wa mafunzo wenye nguzo tatu. Mwaka 1925, katika mkutano wa Bad Homburg, chama cha kimataifa cha matabibu hao kiliufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa mfano kwa nchi zote. Shule nyingi za tiba ya nafsi zilizozuka baadaye, hata zile zilizompinga Freud, zimeendelea kutumia nguzo hizo kwa namna moja au nyingine.

Nguzo ya kwanza ni kwamba mwanafunzi mwenyewe apate tiba. Wahenga wetu walisema mganga hajigangi, na watu wa Berlin walifika katika fikira iyo hiyo kwa njia nyingine. Mtu ambaye hajakaa katika kiti cha mgonjwa hajui uzito wa kusema jambo la aibu mbele ya mtu mwingine. Na asiyejua vidonda vyake ataviona vidonda hivyo kwa kila ajaye. Tunapendekeza istilahi tiba ya mwanafunzi.

Nguzo ya pili ni masomo ya nadharia, ambayo hayana taabu ya istilahi.

Nguzo ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Mwanafunzi huanza kuwatibu watu wachache, na kila juma humwendea tabibu mkongwe akamweleza yaliyotokea: mgonjwa alisema nini, yeye alijibu nini, alihisi nini, wapi alikwama. Wawili hao huyachambua mambo hayo kwa pamoja. Je, kazi hii tuiite nini?

Msimamizi, mkaguzi au mlezi?

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kitabu cha mafunzo tukipitie lugha yake. Kitabu kilikuwa tayari kinatumika mahali fulani ambapo hatutapataja. Mfasiri alikuwa ameandika "ukaguzi" kila mahali palipokusudiwa kikao hicho cha mwanafunzi na mkongwe wake, na huyo mkongwe akaitwa "mkaguzi". Tulipoonana na baadhi ya wanafunzi, tulimwuliza mmoja wao jinsi alivyojiandaa kwa kikao chake cha kila juma. Alitujibu bila kusita kwamba hupanga mambo yake vizuri, huandika yaliyokwenda sawa, na yaliyokwenda kombo huyaacha nyumbani. Ndivyo mtu afanyavyo mkaguzi anapokuja.

Tukaendelea kuzungumza, akatueleza kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa akimhudumia alikuwa amemwambia kuwa amechoka kuishi. Mwanafunzi hakujua la kujibu, akabadili mazungumzo. Jambo hilo hakulitaja katika ukaguzi kwa sababu aliona ni kosa, na makosa huandikwa katika faili. Kwa bahati njema mama huyo alirudi juma lililofuata, na safari hii mwanafunzi alimtafuta mkongwe wake usiku uleule. Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililosababisha hatari hiyo. Lakini neno lilikuwa limewafundisha wanafunzi hao, kabla ya mwalimu kufungua kinywa, kwamba kikao kile ni mahali pa kuficha, na hali kimewekwa kiwe mahali pa kufichua.

Neno usimamizi ni afadhali kidogo, nalo limekwisha kuzoeleka katika vyuo. Hata hivyo msimamizi ni mtu aliyesimama na wengine wakafanya kazi: msimamizi wa shamba, msimamizi wa mtihani, msimamizi wa mirathi. Kazi yake ni kuona kwamba mali haipotei na amri haivunjwi. Kuna sehemu ya kazi hiyo katika mafunzo ya tabibu, kwa maana mkongwe anawajibika pia kumlinda mgonjwa dhidi ya ujinga wa mwanafunzi. Lakini si kiini chake.

Sisi twapendekeza ulezi wa kazi, na mkongwe tumwite mlezi wa kazi. Mlezi ana mamlaka, na mtoto humheshimu. Lakini ni yule ambaye mtoto akianguka humkimbilia, si humkimbia. Neno hili limekwisha kutumika katika vyama na katika shule kwa maana inayokaribiana na hii, kwa hiyo halitamshangaza mtu. Usimamizi ubaki kwa mambo ya ofisi: mahudhurio, likizo na taarifa za fedha. Tunawasihi watumishi wanaoandika miundo ya kazi wasimpe mtu mmoja vyeo vyote viwili ikiwa inawezekana kuvitenga, kwa maana ni vigumu kumfunulia kosa lako mtu anayejaza fomu ya kukupandisha cheo.

Sauti iliyohifadhiwa

Nguzo za Berlin zilikuwa na dosari moja. Mlezi alisikia tu yale ambayo mwanafunzi aliyakumbuka na aliyotaka kuyasema. Carl Rogers wa Marekani, alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwanzoni mwa miaka ya 1940, alianza na wanafunzi wake kunasa mazungumzo ya tiba katika sahani za santuri, kwa idhini ya wahusika. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilikuwa na mazungumzo kamili ya vikao vinane na mtu mmoja, neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kusikia alichosema hasa, si alichodhani amesema. Wengi walifadhaika kujisikia wakihubiri.

Rogers ndiye pia aliyeliacha neno mgonjwa na kuchagua neno lenye maana ya mteja. Mfasiri awe na hadhari hapa. Mteja ni neno safi katika biashara na sheria, lakini katika mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine teja ni mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Katika kituo kinachowahudumia waathirika hao, neno moja litakuwa na maana mbili katika chumba kimoja. Hapo ni bora kusema mhudumiwa.

Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1957, Rogers alieleza masharti ambayo kwayo mtu hubadilika katika tiba. Matatu kati yake yanamhusu tabibu mwenyewe: awe mkweli wa nafsi, asivae sura ya bandia, amheshimu mhudumiwa bila masharti, na aielewe hali yake kama yeye anavyoiona kutoka ndani. Hili la tatu ndilo ambalo wafasiri wengi huliandika huruma. Huruma si neno sahihi. Mwenye huruma yuko juu, anayehurumiwa yuko chini. Mtu akipatwa na msiba sisi humwambia pole, na neno hilo ni zuri, kwa maana humfahamisha kwamba tumeuona mzigo wake. Lakini kazi ya tabibu huanza baada ya pole: mzigo huu una uzito gani kwake yeye, na umemkalia wapi? Tena Rogers alisisitiza kwamba tabibu aingie katika hisia za mwenziwe kana kwamba ni zake, bila ya kusahau hilo "kana kwamba". Akisahau, watazama wawili. Tunapendekeza ushirika wa hisia, tukikiri kwamba wasomaji huenda wakapata lililo bora zaidi.

Je, kazi yenyewe inafaa?

Mwaka 1952 Hans Eysenck wa London aliandika kwamba hakuona ushahidi wa kutosha kuwa watu waliopata tiba ya nafsi hupona kuliko wale wasioipata. Makala yake yalizusha hasira, na hasira hiyo ilizaa utafiti mwingi. Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass walikusanya matokeo ya tafiti zipatazo 375, wakaona kwamba mtu wa wastani aliyetibiwa alikuwa na hali nzuri kuliko robo tatu ya wale wasiotibiwa. Waliona pia kwamba tofauti baina ya shule mbalimbali za tiba zilikuwa ndogo.

Ikiwa shule hazitofautiani sana, ni nini basi kinachotibu? Edward Bordin, mwaka 1979, alielekeza macho ya watafiti kwenye uhusiano wa kikazi baina ya wawili hao, akaugawa katika mambo matatu: kukubaliana kuhusu shabaha, kukubaliana kuhusu shughuli za kuifikia shabaha hiyo, na kifungo cha kuaminiana. Sisi twauita mwafaka wa tiba. Neno urafiki halifai, kwa sababu marafiki hawana shabaha iliyopangwa wala saa ya kuagana. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba mwafaka huo ukiwa imara, matokeo ya tiba huelekea kuwa mema.

Maneno matatu ya shina moja

Sasa tumefika kwenye maneno yaliyotupa kichwa cha makala haya. Kutokana na kitenzi zoea Kiswahili kimezaa uzoefu, mazoea, na, kwa njia ya zoeza, mazoezi. Katika mazungumzo ya kila siku hatuyatengi sana. Katika mafunzo ya tabibu wa nafsi hatuna budi kuyatenga.

Matangazo ya kazi hudai uzoefu wa miaka kadhaa, na sote huamini kwamba aliyefanya kazi kwa miaka 15 ni hodari kuliko aliyeifanya kwa miaka mitatu. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walichapisha utafiti kuhusu matabibu 170 na wahudumiwa zaidi ya 6,500, wakifuatilia kazi za matabibu hao mwaka baada ya mwaka. Walikuta kwamba kwa wastani matokeo hayakupanda kadiri miaka ilivyoongezeka. Yalishuka, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Baadhi walipanda, lakini si kwa kukaa kazini tu.

Kwa nini iwe hivyo? Fundi seremala akikosea kipimo, mlango haufungi, naye huona papo hapo. Tabibu wa nafsi akikosea, mhudumiwa hushukuru kwa adabu, akaondoka, asirudi. Na tabibu hudhani amepona. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, matabibu waliombwa watabiri ni wahudumiwa gani kati ya 550 watakaomaliza wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Walitaja watatu tu. Waliozidiwa walikuwa 40, na kati ya wale watatu waliotajwa ni mmoja tu aliyekuwa miongoni mwao. Katika uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, watoa huduma 129 waliulizwa wajilinganishe na wenzao. Robo yao walijiweka katika sehemu moja ya kumi iliyo bora kabisa, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani.

Hapo ndipo tunapoona kwamba uzoefu usiopimwa hugeuka mazoea. Mazoea ni kufanya jambo pasi na kulitazama tena. Dawa yake ni mbili.

Dawa ya kwanza ni mrejesho. Michael Lambert na wenzake walitengeneza dodoso fupi ambalo mhudumiwa hulijaza kila kikao, likaonyesha kama hali yake inapanda au inashuka, na tabibu huonywa mapema pale mhudumiwa anapopotoka njia. Onyo hilo limepunguza idadi ya wanaozidiwa. Neno mrejesho limekwisha kukubalika, nasi hatuna la kuongeza ila hili: mrejesho si sifa wala si lawama, ni habari.

Dawa ya pili ni mazoezi ya makusudi. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Walikuta kwamba waliokuwa bora kabisa walikuwa wametumia saa nyingi zaidi wakifanya mazoezi peke yao, wakirudia pale penye ugumu. Mwaka 2015 Daryl Chow na wenzake walichunguza kundi dogo la matabibu wa nafsi, wakaona jambo linalofanana nalo: waliopata matokeo mema zaidi walitumia muda mwingi zaidi, nje ya saa za kazi, kujinoa. Tabibu hujinoa vipi? Husikiliza kikao kilichonaswa, akasimamisha pale alipokwama, akatafuta jibu lingine, akalisema kwa sauti, akalirudia mbele ya mlezi wake hadi likae kinywani. Kisha huchagua udhaifu mmoja mwingine. Kituo kimoja mjini Calgary, Kanada, kilichounganisha mrejesho na mazoezi ya namna hii kwa miaka saba, kilionyesha kwamba matokeo ya matabibu wake yalipanda kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, kinyume cha yale tuliyoyataja juu.

Mafunzo karibu na kwetu

Msomaji aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Sivyo. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe wanaziitaje taabu za moyo zilizofuata janga la UKIMWI. Walipata maneno mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na jingine la kujihurumia, na dalili zake zikakaribiana na ugonjwa ambao sisi siku hizi tunauita sonona. Baada ya kupata jina ndipo walipotafuta tiba. Watu wa huko huko, wasio matabibu, walifunzwa kwa majuma mawili tu kuongoza vikundi vya wanawake na vya wanaume, wakikutana kila juma kwa majuma 16 chini ya ulezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyopata tiba waliobaki na dalili za ugonjwa huo walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji vingine asilimia 54.7.

Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kazi katika kitongoji cha Mbare, Harare, akiwa na akina bibi 14. Alitaka kuliita benchi lao benchi la afya ya akili. Akina bibi walimwambia kwamba hapo hapatakaa mtu, nao wakashauri liitwe benchi la urafiki. Walitumia pia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, badala ya jina la kitabuni. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 katika kliniki 24 yalichapishwa, na waliohudumiwa na watu hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Wafasiri na watunga istilahi wawakumbuke akina bibi hao. Daktari alikuwa na elimu ya ugonjwa. Wao walikuwa na elimu ya neno, na pasipo neno hilo benchi lingekaa tupu.

Katika Kenya, sheria ya mwaka 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia imeweka bodi ya kuwasajili watu wa fani hizi. Sheria hutaka fasili, na fasili hutaka istilahi zilizokwisha kufikiriwa. Tusipozitayarisha sasa, zitatayarishwa kwa haraka mezani pa mwandishi wa sheria.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Tiba ya nafsi: tiba ya mazungumzo yenye utaratibu, inayofanywa na mtu aliyefunzwa.

Tabibu wa nafsi: anayeifanya tiba hiyo.

Mhudumiwa: anayepata tiba, pale ambapo mgonjwa au mteja halifai.

Tiba ya mwanafunzi: tiba anayoipata mwanafunzi mwenyewe kama sehemu ya mafunzo.

Ulezi wa kazi: kikao cha kawaida ambamo tabibu humweleza mkongwe kazi yake, pamoja na makosa yake, ili aongozwe.

Ushirika wa hisia: kuielewa hali ya mtu kama yeye anavyoiona, pasipo kujisahau.

Mwafaka wa tiba: makubaliano kuhusu shabaha na shughuli, pamoja na kifungo cha kuaminiana.

Mrejesho: habari anazopata tabibu kuhusu maendeleo ya mhudumiwa.

Mazoezi ya makusudi: kurudia sehemu ngumu ya kazi, nje ya kazi yenyewe, kwa shabaha iliyochaguliwa.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Tunajua kwamba ushirika wa hisia linaweza kupingwa, na kwamba wako watakaosema usimamizi limekwisha kuota mizizi. Tunaomba hoja, hasa kutoka kwa wanaofanya kazi hii kila siku katika hospitali na shule, na kutoka kwa wanafunzi wao. Wao ndio watakaotuambia kama mtu aliyekosea jana atakuwa tayari, kwa maneno haya, kwenda kusema leo kwamba amekosea.